UZI: Kijana kabuni kifaa cha hospitali, safi. Nani atakinunua mara ya pili?

Fundi wa Chikongola

Wakuu salaam. Mtwara kuchele.

Kuna video inazunguka kwenye magrupu. Kijana wa chuo ametengeneza kidude cha kubana kwenye stendi ya dripu. Maji yakikaribia kwisha kinalia na kumtumia nesi ujumbe wa simu. Kazi nzuri, sina neno. Nikashuka chini kusoma maoni, wote wanaimba wimbo mmoja: serikali imuone, apewe mtaji, nchi hii inaua vipaji. Sikuona aliyeuliza kitanunuliwa na nani, kwa fungu lipi, na kikifa kinapelekwa kwa nani.

Mimi ni fundi wa vifaa tiba, nazunguka Mtwara na Lindi, hospitali za serikali na za misheni. Ninachokiona huku ni kwamba akili hazijawahi kupungua. Kinachokosekana ni mtu mwenye fungu ambaye ataagiza kitu mara ya pili bila kubembelezwa. Agizo la kwanza linaweza kutoka kwa mfadhili, kwa mbunge, hata kwa maonesho. La pili ndilo linalosema kama hicho kitu ni bidhaa au ni mapambo.

Ingia stoo ya nyuma ya hospitali yoyote kubwa utanielewa. Kuna utafiti wa 2011 uliokusanya hesabu za vifaa tiba katika nchi maskini kadhaa, ukakuta takriban asilimia 40 havifanyi kazi. Huku kwetu mfano mzuri ni mashine ya kuzalisha oksijeni. Haina maajabu: inavuta hewa ya chumbani yenye oksijeni asilimia 21 hivi, inaipitisha kwenye chembechembe zinazoshika naitrojeni, upande wa pili inatoka oksijeni ya asilimia 90 na zaidi. Nyuma ina sponji ya kuchuja vumbi. Hiyo sponji inatakiwa ioshwe kila wiki kwa maji na sabuni, ikaushwe, irudishwe. Nimetoa sponji ambazo ukizipiga ukutani linatoka vumbi jekundu kama la barabara ya kijijini. Mashine inavuta kwa shida, inapata moto, unyevu wa pwani unaingia kwenye zile chembechembe, oksijeni inashuka, na taa ya kijani inaendelea kuwaka kana kwamba mambo ni shwari.

Moja ilikuwa ya msaada. Stika ya nyuma imeandikwa volti 110, umeme wa Marekani. Wetu ni 230. Mtu alikata plagi yake akafunga yetu ya miguu mitatu, akawasha. Unajua kilichofuata. Ile mashine ilikuwa mpya, haijawahi kumpumulisha mgonjwa hata mmoja. Mvumbuzi wake hana kosa. Kosa liko kwenye safari yote kati ya mvumbuzi na soketi ya wodini.

Mfano wa pili ni wa nyumbani kabisa. Mwaka 1952 uliingia ugonjwa uwanda wa Makonde, pande za Newala: homa, na viungo kuuma mpaka mtu anatembea amejikunja. Damu za wagonjwa zilichukuliwa, 1953 kirusi kikapatikana, na jina la Kimakonde, chikungunya, likaingia kwenye vitabu vya tiba vya dunia nzima. Chanjo ya kwanza kuidhinishwa ilitoka Novemba 2023, huko Marekani, ya kampuni ya Valneva ya Ufaransa. Hesabu mwenyewe miaka. Na msiniambie sayansi ilikuwa haijafika, maana jeshi la Marekani liliwahi kuwa na chanjo ya majaribio, likaiacha njiani. Ugonjwa ulipopiga kisiwa cha Réunion 2005 na 2006, halafu ukafika Karibiani mwishoni mwa 2013, ndipo akapatikana mnunuzi: msafiri na mtalii wa nchi tajiri. Mgonjwa wa Newala alitoa damu, lakini kwenye hesabu za soko hajawahi kuwemo.

Nawasilisha. Wanaojua zaidi waje.

Korosho Ghafi

Naweka kambi hapa. Uzi wa maana baada ya wiki nzima ya Simba na Yanga.

Mzee wa Hoja

Fundi, umeandika vizuri ila unazunguka. Tatizo ni hela tu. Kijana mwenye kifaa na mtaji atatafuta soko mwenyewe. Asiye na mtaji utamuuliza maswali ya fungu mpaka azeeke. Mbona Arusha wale wa A to Z wanatengeneza vyandarua vya dawa vinavyouzwa nje ya nchi? Wangeulizwa maswali yako wangeanza?

Fundi wa Chikongola

Mkuu, A to Z ndiyo inanibeba mimi. Teknolojia ile ya dawa kukaa ndani ya uzi wa chandarua ilikuwa ya Sumitomo Chemical ya Japani, wakaitoa bila kudai mrabaha, uzalishaji Arusha ukaanza 2003. Lakini angalia kilichokuwepo pale: mashirika ya kimataifa yalikuwa yanatafuta vyandarua vya aina hiyo kwa mamilioni. Mnunuzi alikuwa amesimama mlangoni na pesa yake mkononi kabla mashine hazijafungwa. Mtaji ulifuata soko.

Ukitaka mfano mzuri zaidi chukua chanjo ya uti wa mgongo ya ule ukanda wa Sahel, MenAfriVac. Bei ilitajwa kabla chanjo haijatengenezwa. Viongozi wa afya wa Afrika walisema ikizidi nusu dola kwa dozi hatununui. Shirika la PATH na WHO wakaenda na hiyo bei kutafuta kiwanda, wakampata Serum Institute ya India, na Desemba 2010 Burkina Faso ikaanza kuchanja. Baadaye wakathibitisha kwamba inaweza kukaa nje ya jokofu hadi siku nne kama joto halizidi nyuzi 40. Hayo ya siku nne yanamhusu mtu anayebeba kidumu cha chanjo kwa pikipiki kutoka Liwale mjini kwenda vijijini. Aliyemfikiria huyo mtu alikuwa anatengeneza bidhaa.

Mzee wa Hoja

Sawa, hapo umenipata kidogo. Kidogo.

Nesi Mstaafu

Wanangu hamjambo. Nimeitiwa uzi huu na mjukuu wangu.

Nimefanya kazi wodi ya wazazi na wodi ya watoto miaka mingi, Lindi na Mtwara. Hicho kidude cha dripu nimekiona kwenye video. Ngoja niwaambie usiku wa wodi ulivyo. Nesi mmoja, wagonjwa vitanda vyote vimejaa na wengine chini, ndugu wamelala varanda. Simu yangu iko kwenye pochi, na pochi iko kwenye droo iliyofungwa, maana ukiiacha juu ya meza utaitafuta. Ujumbe utaingia nani ausome? Halafu vocha ya hiyo laini analipa nani, hospitali au mimi?

Na mlio. Watoto kumi na dripu, vidude kumi vinalia kwa zamu. Mama wa mtoto wa kitanda cha tatu atakizima kwa kukifunika na kanga ili mwanawe alale. Hata mimi ningekifunika.

Ningeulizwa, ningesema: nipe taa. Taa nyekundu inayoonekana kutoka mezani kwangu, basi. Kiwe kinaoshwa na jiki bila kufa. Kitumie betri za tochi zinazouzwa duka la mtaani, maana cha kuchaji kitakosa chaja wiki ya pili, chaja itakuwa nyumbani kwa mtu. Na kibane stendi zetu zilizopinda. Kuna wodi dripu zinaning'inizwa kwenye msumari wa dirisha, hiyo stendi yenyewe hakuna.

Ila msifikiri sisi manesi tunakataa vitu vipya. Kile kiplastiki cha kupimia damu mama akishajifungua, anachowekewa chini ya makalio, kina mfuko wenye mistari. Zamani tulikuwa tunakadiria kwa macho, tunaangalia kanga na vitenge vilivyolowa, unasema "kama nusu lita hivi" kumbe ni lita nzima. Macho yanadanganya jamani, hasa saa tisa usiku kwa taa ya simu. Mstari haubishani na mtu. Damu ikifika pale, unaanza kazi yote kwa pamoja: kusugua mji wa mimba, sindano ya kuubana, dawa ya kuzuia damu, dripu, unamkagua mama kama amechanika, unaita msaada.

Fundi wa Chikongola

Shikamoo mama. Huu ujumbe wako mmoja ungelipiwa na chuo kizima cha ubunifu.

Hicho kiplastiki kina ushahidi mkubwa. Kilijaribiwa pamoja na hizo hatua alizozitaja mama katika hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na hapa Tanzania, majibu yakatoka 2023: mama kutokwa damu nyingi sana, kufanyiwa upasuaji kwa sababu hiyo au kufariki, vikapungua kwa asilimia 60 ukilinganisha na hospitali zilizoendelea kama kawaida. Plastiki yenye mistari, haina betri, haina laini ya simu. Swali langu bado ni lile lile: boksi la kwanza limekuja na utafiti. La pili limo kwenye maombi ya kituo cha afya kwenda Bohari ya Dawa? Likikosekana Bohari, mshitiri wa mkoa, yule muuzaji binafsi wa kuziba pengo, analo?

Nesi Mstaafu

Marahaba mwanangu. Hapo ndipo penyewe. Kitu kikizoeleka halafu kikakatika, manesi wanarudi kwenye macho, na kukirudisha tena ni kazi mara mbili.

Duka la Dawa Masasi

Mimi nina duka la dawa muhimu, niongezee la kwangu. Watu wa ubunifu wanasahau sisi wauzaji kabisa, wakati mama akiwa na mtoto anayeharisha anafika kwangu kabla ya zahanati.

Kuna jamaa walifanya kitu Zambia, 2012 kwenda 2013. Waliona soda ya Coca-Cola inafika kila kijiji, ORS, ule unga wa kuchanganya na maji kwa anayeharisha, haifiki. Wakatengeneza pakiti nyembamba inayokaa katikati ya shingo za chupa ndani ya kreti, ili dawa isafiri na soda. Dunia nzima ikawashangilia, wakapewa na tuzo. Kilichotokea: wauzaji walioibeba dawa ndani ya kreti hawakufika hata mmoja kati ya kumi. Wengine walitia kwenye mfuko, kwenye baiskeli, kwenye begi. Nafasi ndani ya kreti haikuwa tatizo la mtu yeyote. Muuzaji aliangalia faida kwa pakiti, na kama wateja wanaijua.

Lakini hawakuishia hapo, walikuwa wamewauliza akina mama. ORS ya pakiti ya lita moja ni shida. Nani ana kipimo cha lita nyumbani? Na mtoto hanywi lita kwa siku, inayobaki unatakiwa uimwage. Wao wakaweka pakiti ndogo za mililita 200, na kopo la pakiti lenyewe ndilo kipimo. Ndani wakaweka na vidonge vya zinki na sabuni. Hiyo ndiyo iliyouza. Mwaka 2019 WHO wakaiingiza ORS na zinki katika pakiti moja kwenye orodha ya dawa muhimu.

Mimi hapa dukani nawaelekeza akina mama watumie chupa ya maji ya lita. Akitoka na chupa ya lita moja na nusu, hapo sijui anakwenda kuchanganya nini.

Kiboko wa Liwale

Fundi, chikungunya hujamalizia. Hiyo chanjo ya Valneva Marekani waliisimamisha Agosti 2025 kwa sababu ya madhara makubwa kwa baadhi ya waliochanjwa. Sasa mnataka Newala tuwe wa kwanza kuletewa kila kitu?

Fundi wa Chikongola

Ni kweli, na nashukuru kwa kuiweka. Hilo linanipeleka mahali pengine. Brazil waliiidhinisha chanjo hiyo hiyo Aprili 2025 wakiwa na taasisi yao, Butantan, ndani ya mpango. Yaani wana watu wao wa kupima, kufuatilia madhara na kutengeneza wenyewe. Nchi isiyo na hao inabaki kusubiri wengine waamue, iwe kupokea au kukataa. Sisi tunao mwanzo wake: mamlaka yetu ya dawa ilikuwa ya kwanza Afrika kufikia ngazi ya tatu ya WHO ya usimamizi wa dawa, mwaka 2018, wakati huo ikiitwa TFDA, sasa TMDA. Tunaitumia kukagua vinavyoingia zaidi kuliko vinavyotoka.

Bibi Ruangwa

Niwakumbushe kitu wengi humu mlikuwa shule. Miaka ya 2000 katikati, wilaya tano za huku, Lindi Vijijini, Nachingwea, Ruangwa, Newala na Tandahimba, zilifanyiwa majaribio ya kuwapa watoto wachanga SP ya kuwakinga na malaria siku ileile wanayokuja kuchanjwa. Mama haongezi safari, nesi haongezi siku ya kliniki. Mwaka 2010 WHO wakapendekeza itumike. Nchi iliyotangulia kuifanya ya taifa zima ni Sierra Leone, miaka mingi baadaye. Sisi tuliotoa watoto wetu kupimiwa tulibaki tunasoma habari.

Mzee wa Hoja

Mama, hapo lazima tuwe wakweli. WHO waliweka sharti kwamba SP itumike pale tu ambapo usugu wa vimelea haujawa mkubwa, na Tanzania usugu wa SP ulikuwa umeshapanda sehemu nyingi. Si kila kitu ni kusahauliwa.

Bibi Ruangwa

Nakubali usugu. Lakini nani alirudi Ruangwa kutuambia hivyo? Kama mlikuja kijijini na vipaza sauti kutuomba tushiriki, mngerudi na vipaza sauti hivyo hivyo kusema "tumeshindwa kuendelea kwa sababu hii." Mradi mwingine ukija, watu wanakumbuka ule uliopita.

Korosho Ghafi

Bibi kapiga msumari. Kwetu Tandahimba ndivyo tunavyosema, mradi ukiisha hata bango linabaki kuwa mlango wa banda la kuku.

Mwanafunzi Nachingwea

Shikamooni wakubwa. Si mimi wa kwenye video, ila na mimi na wenzangu tuna kifaa kinachofanana, kinahesabu matone ya dripu. Nimesoma maneno ya mama nesi mara mbili, nimefuta sehemu ya laini ya simu leo hii hii. Naomba kujua, nianzie wapi? TMDA, BRELA, COSTECH, SIDO? Kila mtu ananielekeza mlango wake.

Fundi wa Chikongola

Marahaba mdogo wangu. Milango yote hiyo ni ya kweli, ila ina zamu yake.

Kama kuna kitu kipya kabisa ndani yake unachotaka kukilinda, ongea na BRELA, wanaosajili hataza (haki ya mvumbuzi), kabla hujakionesha hadharani, kwa sababu hataza inadai upya. Kwa vifaa vingi vya wanafunzi lakini, sakiti ni za kununua na wazo lipo duniani tayari. Usitumie hela ya mwaka kulinda kitu kisichohitaji ulinzi.

TMDA wanapanga vifaa tiba kwa hatari yake, A mpaka D, A ikiwa ndogo kabisa. Nenda mapema, hata kikiwa bado cha majaribio mezani, uulize chako kitaangukia daraja lipi, maana daraja ndilo linaloamua ushahidi gani utadaiwa. Watu wengi wanakwenda mwisho, wameshatengeneza hamsini, wanaambiwa plastiki waliyotumia haina nyaraka. Na usikifunge kwenye dripu ya mgonjwa wa kweli kwa sababu tu mganga ni mjomba wako. Kwa mgonjwa unahitaji kibali cha maadili ya utafiti, cha kitaifa kinapitia NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba. Mpaka hapo tumia chupa ya dripu na ndoo.

SIDO, shirika la viwanda vidogo, ni wazuri ukifika kwenye kutengeneza boksi lake kwa wingi. COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia, na mashindano ya taifa ya ubunifu, MAKISATU, yatakupa jina na fedha kidogo. Jina lina hatari zake: kuna kitanda cha joto cha watoto njiti kilichoundwa Marekani kwa vipuri vya gari, taa za mbele ndizo zinatoa joto, jarida la Time likakiweka kwenye orodha ya uvumbuzi bora wa 2010. Hakikuwahi kuingia kiwandani. Hospitali haikukitaka kitu kinachofanana na gereji, na hakuna kiwanda kilichokiomba. Jamaa wale wale safari ya pili walianza na kiwanda cha Vietnam na wodi zenyewe, wakatengeneza taa ya kutibu ugonjwa wa manjano wa watoto wachanga. Walikuta manesi wanalaza watoto wawili watatu chini ya taa moja, wanaambukizana. Badala ya kubandika karatasi ya onyo, walifanya kitanda chake kiwe kidogo, mtoto wa pili haingii. Hiyo ikauzika.

Na Dk. Askwar Hilonga wa Arusha aliposhinda tuzo ya uhandisi ya Afrika 2015 kwa chujio lake la maji, hakukaa kusubiri kila nyumba inunue chujio. Vikawekwa vituo vya kuuza maji yaliyochujwa. Mwananchi ananunua maji, chujio analitunza mwenye kituo. Fikiria chako vile vile: hospitali inunue kifaa, au ilipie huduma na wewe ukibaki na matengenezo?

Mwanafunzi Nachingwea

Asante sana kaka. Hilo la kulipia huduma hatukuliwaza. Bei tulipanga 180,000 kwa kimoja.

Mzee wa Hoja

180,000! Kwa wodi ya vitanda 30 ni milioni tano na laki nne. Mganga mfawidhi ataangalia hiyo hesabu na dawa zilizokosekana mwezi huo, atakuambia uache namba ya simu.

Nesi Mstaafu

Si lazima kila kitanda, baba. Dripu zinazoniogopesha ni za watoto wadogo na za damu, pamoja na za mama mwenye kifafa cha mimba. Vinne au vitano kwa wodi vinatosha, vinahamishwa. Mwanangu, nenda uwaulize manesi wa wodi ya watoto ni vitanda vipi, usiwaulize wakubwa ofisini.

Fundi wa Chikongola

Mwanafunzi, nitumie ujumbe wa faragha. Njoo Mtwara na vyote mlivyonavyo, vilivyokufa hasa. Nataka kuona vimefia wapi. Lete na bei ya kila kipuri na duka ulilokinunua, kwa sababu kama ile sensa inaagizwa China na inachukua mwezi kufika, hospitali ikikupigia Jumatatu utawajibu nini?

Mwanafunzi Nachingwea

Inaagizwa China, kaka. Wiki sita.

Fundi wa Chikongola

Basi tuanzie hapo.